Karatasi Nyekundu ya Fundi Lou

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita kwenye kaunta ya duka letu la dawa za miti hapa Lanxi, Fundi Lou Genfa anastaafu.

Alianza kwa kukatakata magome uani. Lililompa jina ni gome la mzizi wa msonobari wa dhahabu, ambalo hulowekwa kwenye pombe kali kutibu fangasi na choa. Ni la kupaka tu. Ukilinywa ni sumu. Kwa hiyo Fundi alituwekea sheria: mtungi wake ubandikwe karatasi nyekundu, na anayemkabidhi mteja apaze sauti, “Ya kupaka, siyo ya kunywa!” Aliyesahau alikiona cha mtema kuni. Hata meneja aliwahi kukaripiwa mbele ya wateja, akaitikia kama mwanafunzi.

Ndiyo maana yaliyotokea mwezi wa tatu yalimkata maini. Siku ya uchumba wa binti yake Xiuzhen, mke wa Fundi alibandika karatasi nyekundu kila mahali, kama tufanyavyo penye furaha, hata kwenye mtungi wa mvinyo wa wageni. Rafuni palikuwa na mtungi mwingine mwekundu, wa dawa ya vidole vya miguu vya Fundi mwenyewe. Fundi akamimina huo bila kujua. Mkwe wake, Bwana Qiu, baba wa mchumba, akanywa mpaka tone la mwisho, kama adabu ya karamu inavyotaka. Alilazwa hospitali, akitapika mpaka nyongo.

Mganga hajigangi, tulimwambia. Hakutaka kusikia. Aliona amemwaibisha binti yake kabla hajaolewa. Akaomba kuhamia stoo, akaikataa sherehe hii ya kumuaga, akasema ataondokea mlango wa nyuma. Ilituuma kumwona mtu yule mwenye makelele akipita kandokando ya ukuta kama mdaiwa.

Wiki iliyopita Bwana Qiu aliingia dukani, amekonda kidogo, akaagiza gome lile lile. Kumbe naye vidole vinamwasha.

“Anifungie Lou,” alisema.

Fundi alitoka stoo macho chini. Alifunga pakiti, akaisukuma kimyakimya. Bwana Qiu hakuigusa.

“Mkwe, mbona husemi? Unataka niinywe tena?”

Uso wa Fundi ulimwiva. Akapaza sauti iliyofika barabarani: “Ya kupaka, siyo ya kunywa!”

Fundi Lou, ahsante kwa kila uliyemwokoa kwa makelele yako. Arusi ni mwezi wa kumi, na Bwana Qiu ameomba mvinyo umimine wewe. Tunakutakia mapumziko mema. Mlango wa mbele tumeshaufungua.