Mama Subiri Aaga Chumba cha Kioo

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafunza walimu namna ya kuwakwamua watoto wa darasa la kwanza wanaoshindwa kusoma, Mama Subiri anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa neno lake la kila siku. Katibu muhtasi anaapa kwamba hata kompyuta ikigoma, mama huyu huitazama kimya mpaka ione haya.

Kituo chetu kina vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo. Upande mmoja mwalimu humsikiliza mtoto mmoja akisoma. Upande wa pili tunatazama bila kuonekana, sauti ikitufikia kwa spika. Mtoto huona kioo cha kujitazamia tu. Ole wake mwalimu atakayemmalizia mtoto neno! Siku yangu ya kwanza nilimalizia matatu, nikanyolewa bila maji.

Chanzo cha ukali huo alitusimulia mara moja tu. Utotoni, mdogo wake wa kike kila alipokwama kwenye neno, yeye alimmalizia upesi ili wakacheze. Mdogo wake alifariki akiwa na miaka minane, hajasoma hata mstari mmoja peke yake.

Zaidi ya walimu mia nne wamepita mikononi mwake. Na kila mwaka, watoto wa shule mbalimbali, wasiojuana, wametuuliza yule msichana wa kwenye kioo ni nani, na mbona ameshika kitabu ila hasomi. Sisi tulicheka. Mama Subiri hakucheka.

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, tuliketi kwa somo lake la mwisho. Mtoto tuliyemngoja alipata homa, hakuja. Chumba cha kusomea kilikuwa kitupu, mlango umefungwa kwa ufunguo. Ndipo spika ikaleta sauti ndogo, ikisoma neno kwa neno. Tulikuwa walimu kumi na wawili, na sote tuliisikia. Katikati ya mstari ikakwama.

Nilitamani kukimbia. Mama Subiri alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, akasubiri. Dakika nzima ilipita hivyo.

Sauti ikalipata neno. Ikamaliza mstari, ikacheka kicheko cha mtoto aliyefurahi, kisha kimya. Mama Subiri akaandika daftarini kwamba msomaji hakusaidiwa na mtu.

Asante, dada yetu, kwa kutufunza kunyamaza. Tunawatakia mapumziko mema, nyote wawili.