Jina Kwanza au Miguu Kwanza

Ndani ya basi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa anakariri Kikantoni kwa sauti, kana kwamba abiria wote tumejiandikisha darasani. "Sei ping ma, kaa kama umepanda farasi. Diu ma, uzito mguu wa nyuma, wa mbele uguse kwa ncha tu!" Kesho mwalimu wake wa kung-fu atataja jina la mkao, naye asimame hivyo. Akikosea, anarudi mstari wa nyuma, na mkwewe yuko wa mbele.

Mzee mpaka rangi, aliyesimama na ndoo yake, uvumilivu ulimshinda. "Mama, umejifunzia wapi hayo?"

"Kwenye cherehani, mzee wangu. Nashona huku nakariri."

"Basi umefundisha mdomo, miguu haina habari. Mimi ngazi naipanda, siiulizi jina."

"Na mwenzako akipiga kelele 'shika', utajuaje ushike nini?"

Mimi nilikuwa upande wa mzee, ila hakuna aliyeniuliza.

Ghafla dereva akafunga breki. Ndoo ikaenda zake. Mzee akajirudisha nyuma, goti limekunjwa, ncha ya mguu wa mbele ikigusa sakafu, wala hakuanguka. Tukapiga makofi.

"Hiyo hiyo! Usisogee!" Mama aliruka kitini, akapekua karatasi zake za Kikantoni. Jina lilikuwa limemtoka.

Milango ikafunguka, tumefika mwisho. Mzee alibaki vilevile, macho yanamng'aa.

"Sishuki," alisema, "mpaka uniambie hapa nimesimama nini."