Mstari wa Mwisho wa Bi Hajra

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni, na aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Hajra Msabaha, mkulima wa mwani wa Mlingotini. Neno lake lilikuwa moja: utaratibu.

Narudia, utaratibu. Wengi wetu tunalisikia tukiwa kwenye foleni. Bi Hajra alilitamka maji yakiwa yamemfika magotini. Shamba lake la baharini lilikuwa na mistari sita ya kamba, na kila mstari ulifungwa kitambaa cha khanga kuukuu kwenye kigingi cha kwanza. Chekundu: mbegu changa, usiguse. Cheupe: vuna bamvua hii, maji yakishakupwa mbali. Pale kwake hata kaa walipita kwa zamu. Mimi sijawahi kuwaona wakisukumana.

Siku moja wifi yake, Ashura, alimuuliza, "Wifi, hivi huo utaratibu wako ndiyo nini hasa?"

"Ni kujua leo mkono wako utashika nini kesho."

"Wangu haujui hata leo."

"Ndiyo maana mwani wako unakwenda na maji."

Kisha bahari ikaanza kuwa ya moto. Mwani ukageuka mweupe, ukalainika, ukakatika. Wenzake wakaacha mmoja mmoja. Bi Hajra akabakiwa na mbegu ya mstari mmoja. Mstari mmoja tu, wasikilizaji. Ilitakiwa ihamishiwe kwenye kina kirefu, ambako maji ni baridi, na huko hulimi bila kibali.

Akaenda ofisini kukiomba. Karani akamwambia kwa upole, "Mama, kuna utaratibu."

Bi Hajra alirudi nyumbani akitabasamu. Amesikia neno lake. Barua ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikapelekwa. Akaambiwa asubiri.

Bamvua ya kwanza, zile siku za maji makubwa zinazorudi kila wiki mbili, ikapita. Ya pili ikapita. Ashura akaja na mtumbwi wa kuazima.

"Wifi, panda. Tukaifunge kule, kibali kitatukuta."

"Sijaruhusiwa."

"Mbegu inakufa, Hajra."

"Naiona."

Ashura anasema siku hiyo ndiyo pekee aliyomwita kwa jina, na wifi yake hakumtazama usoni.

Bamvua ya tatu, kamba ilitoka majini tupu.

Hata hivyo, kila maji yakipwa, Bi Hajra alishuka kunyoosha vigingi vya shamba lisilo na kitu. Alifariki mwezi wa Shaabani, kwa homa ya siku nne. Kibali hakijafika mpaka leo.

Baada ya arubaini, Ashura alikwenda kung'oa vigingi.

"Nilianza mstari wa kwanza, kigingi cha kwanza, hadi wa sita," anasema. "Sijui kwa nini. Mwani hakuna, wa kunisuta hakuna."

Ashura, na wana wa marehemu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki, kabla ya kumwambia mtu afuate utaratibu, tumtazame kwanza mikononi amebeba nini, na kitaishi siku ngapi. Bi Hajra alikuwa amebeba mstari mmoja.