Severini na Ukuta wa Uani

Tarehe 30 Juni 1957 Mzee Severini wa Kinole anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya kukagua majengo katika ofisi yetu ya mji wa Morogoro.

Mafundi wanamjua. Hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, hata tukamtania kwamba iko siku ukuta utamwitikia "karibu". Kontrakta mmoja wa Gairo alipaka chokaa juu ya matofali mabichi, akadhani yamekwisha. Loo! Mzee alimbomolesha hadi msingi, naye akazunguka akisema mkaguzi yule ana roho mbaya. Uongo mtupu. Heshima ndiyo iliyomzidi.

Mwaka 1951 Bi Mwajuma na mumewe walinunua nyumba mpya kwa kontrakta Stambuli. Haukupita muda, ukuta wa uani ukapasuka, wakashtaki ujengwe upya. Mume akafariki kesi ingali mahakamani. Bi Mwajuma akaiendeleza kupitia kaka yake. Severini akatumwa kukagua. Alipofika, mjane yumo edani, haonekani kwa wanaume. Severini, mtoto wa misheni aliyelelewa kuheshimu dini za watu, aliona ni ufidhuli kuingia uani. Wallahi, angeomba tu, mama angejifungia chumbani robo saa! Hakuomba. Aligonga kuta tatu, akaandika kwamba kuta zote nne ni imara. Bi Mwajuma akashindwa kesi.

Masika yalipokolea, ukuta wa uani ulimwangukia bintiye, Pili, akiosha vyombo. Alikuwa na miaka tisa. Tulimzika siku ile ile.

Severini hakungoja kuitwa. Alikwenda mahakamani mwenyewe, akasema aliandika nne, alikagua tatu. Hukumu ikatenguliwa, Stambuli akaamriwa kujenga upya, na Severini akashushwa cheo. Tangu hapo, penye eda alikwenda na mkewe, Mama Paskalia, atangulie ndani kuomba njia. Hakuacha tena ukuta hata mmoja.

Niseme wazi: risala ya kwanza niliyoandika haikuwa na habari hii. Mzee aliisoma, akanirudishia, akasema bila Pili isisomwe. Nilikasirika, kisha nikaona haya.

Ahsante, Mzee Severini, kwa kazi yako na kwa ukweli uliokugharimu. Tulimwalika Bi Mwajuma kwenye sherehe hii. Amejibu kwamba haji, hawezi kukutazama usoni. Ila tukufikishie neno lake, uende salama. Nasi hatuna dua nzito kuliko hiyo. Nenda salama, mzee wetu.