Sentensi Niliyoirudia Mara Tatu Mbele ya Kamera

Shikamooni mama zangu na baba zangu. Wenzangu wa rika langu, nimefurahi kuwaona. Najua wengine mmeteremka kutoka Suji na Vudee tangu alfajiri, na joto la Same mnalijua, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Mama mchungaji alinifuata dukani wiki mbili zilizopita akaniambia, "Njoo uwasimulie wenzako." Nikamwambia, "Mama, si wote walishaniona kwenye TV?" Akasema, "Ndiyo maana nataka wakusikie."

Basi nimekuja. Majina ya watu sitataja, na la kipindi sitataja. Mnacheka kwa sababu mnakijua.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Vudee, nikateremka hapa mjini nilipoolewa, na mume wangu alipofariki nikabaki na binti yangu mmoja na cherehani yangu. Mama alibaki kule juu na migomba yake na tangawizi zake. Nilikuwa napanda kumwona kila nikipata nafasi, nambebea sukari na dawa zake za presha, namfulia, nalala siku mbili, narudi. Sijisifu. Nataka tu mjue nilikuwa mtu wa namna gani kabla hamjanitazama kwenye kioo cha TV.

Kipindi chenyewe kilikuwa hivi: wanawake kutoka mikoa mbalimbali wanakaa nyumba moja huko Dar, wanapika, wanapewa kazi za kushindana, na waandaaji wanaamua nani abaki na nani atoke. Binti yangu alinirekodi kwa simu nikishona huku nawatania wateja, akawatumia ile video bila kuniambia. Siku walipopiga kusema nimechaguliwa, ndugu zangu, nilifurahi kupita kiasi. Mimi hata kwenye picha za harusi nasimama pembeni, nusu bega linakatwa. Leo naitwa mimi!

Siku ya kwanza tukagawiwa fulana, kila mtu rangi yake. Yangu ilikuwa ya njano. Tukaambiwa, kila kamera ikiwashwa uwe umevaa fulana yako, ili watazamaji wawatambue kwa urahisi. Mimi fundi nikaishia kukagua mshono. Sikujiuliza zaidi ya hapo.

Kulikuwa na mwongozaji, kijana mpole sana, anatuita dada na mama, hapandishi sauti. Lakini kila jambo tulilofanya alitaka lirudiwe. Tukisalimiana asubuhi, anasema, "Rudieni, lakini wewe usiitikie." Tukipika kwa amani, anasema, "Jana mlikuwa wapole mno, watu watasinzia. Leo nataka moto." Basi mnagombania mwiko mbele ya kamera, kamera ikizimwa mnacheka na kugawana chakula. Tukaona ni mchezo.

Kitanda changu kilipakana na cha dada mmoja wa Mwanza. Ile nyumba ilikuwa na kiyoyozi, baridi yake si kama ya kwetu mlimani, inaingia kwenye mifupa. Huyo dada aliniona natetemeka akanipa blanketi lake la pili. Jumapili alikuwa ananisuka. Tuliishi vizuri.

Kulikuwa pia na mama mmoja mtu mzima wa kusini, mkubwa kuliko sote. Siku moja tukiwa jikoni akashikwa na kizunguzungu. Nilikuwa karibu, nikamdaka, nikamkalisha, nikampepea kwa sinia, kisha nikamkorogea uji. Kamera zote zilikuwepo.

Kesho yake mwongozaji akaniita pembeni. "Dada, nataka useme sentensi moja tu. Sema: Mimi sikuja hapa kuuguza wazee."

Nikamwambia, "Lakini jana mimi ndiye niliyemuuguza."

"Ndiyo maana itapendeza. Watu watajua unatania. Na nikwambie ukweli, watazamaji watakupenda ukiwa mkali. Unaweza kufika fainali."

Nikasema mara ya kwanza, nikacheka. Akasema, "Bila kucheka." Mara ya pili akasema macho yangu bado yana huruma. Mara ya tatu nikashika kiuno, nikabinua mdomo, nikasema kama mtu mwenye kinyaa. Wale vijana wa kamera wakapiga makofi. Ndugu zangu, nawaambia na hili, nalo ndilo gumu kulisema: nilijisikia vizuri. Nilitembea kurudi chumbani kama mtu aliyeshinda kitu.

Fainali sikufika. Nilitolewa baada ya wiki tano, nikarudi Same kabla vipindi havijaanza kurushwa.

Jioni ya kipindi kile cha kizunguzungu majirani walijaa sebuleni kwangu. Tukafungua soda. Ikaonekana: yule mama anayumba, watu wanakimbia. Halafu ukaja uso wangu, nacheka, nimepinda mgongo kwa kicheko. Kicheko kile kilikuwa cha siku nyingine kabisa, siku kuku alipotuponyoka jikoni akapanda juu ya friji. Lakini fulana ni ileile ya njano, jiko ni lilelile, nani angejua? Kumdaka kwangu hakukuonyeshwa. Uji haukuonyeshwa. Kisha nikatokea nimeshika kiuno: "Mimi sikuja hapa kuuguza wazee." Na mwisho akaonekana dada yangu wa Mwanza, peke yake kwenye chumba walichokuwa wanatuhojia mmoja mmoja, anasema kwa uchungu: "Mtu kama huyo hana utu. Hata mama yake mzazi atamtupa."

Jirani mmoja akanyanyuka akasema, "Jamani, nimeacha mboga jikoni." Wakaondoka mmoja mmoja, soda zikiwa nusu.

Yaliyofuata mnayajua, wengine mlikuwepo. Sentensi ile ikawa kichekesho kwenye simu za watu. Nikipita stendi vijana wanaita, "Mama Sikuja! Mama Sikuja!" Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, mmoja akasema msiba umeahirishwa. Sare za kwaya nilizokuwa nimepima zikapelekwa kwa fundi mwingine. Mliofanya hivyo mpo hapa, nawaona, na sina kinyongo. Nitawaambia kwa nini.

Binti yangu aligombana shuleni hadi nikaitwa. Njiani kurudi akaniuliza, "Mama, kweli ulimcheka yule bibi?" Yeye aliyelelewa na mimi. Nikamjibu kwa ukali, akatangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Halafu mama akaanguka shambani akavunjika nyonga. Alipokaribia kuruhusiwa kutoka hospitali nilikuwa nimeshaandaa chumba, nimenunua godoro gumu kama daktari alivyosema. Mama akasema anakwenda Maore kwa kaka yangu.

"Maore, mama? Joto la kule linazidi la hapa, wewe hutalivumilia. Na huku hospitali ipo karibu."

"Nitalizoea."

Nikambana aseme sababu. Akageuza uso ukutani, akanijibu kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, polepole, na mama akitaka jambo liishe huzungumza Chasu. Alisema: ningeambiwa na watu nisingeamini. Lakini nimekusikia mwenyewe, mwanangu. Ni sauti yako.

Nikalipuka. "Mama, wamenikatakata! Kile kicheko si cha siku ile!"

"Na maneno?"

Nikachukua mkoba wangu.

"Maneno nayo walikushikia mdomo?"

Nikamwambia, "Mambo ya TV wewe huyajui." Nikatoka wodini nimebamiza mlango. Kaka akamchukua.

Miezi ikapita. Nilikuwa naishi kwa hasira. Nilimchukia mwongozaji, niliwachukia ninyi, lakini niliyemchukia kuliko wote ni dada wa Mwanza. Kila aliyenipa nafasi ya kujieleza nilimwambia, yule mwanamke ni nyoka, tulikula naye sahani moja akanichongea kwa nchi nzima.

Siku moja mchana nakata gauni, simu ikaita, namba ngeni. Ni yeye. Nilitaka kukata.

Akasema, "Dada, usikate. Nimetafuta namba yako muda mrefu. Mimi sikukuzungumzia wewe. Waliniuliza, ukikutana na mtu anayemtelekeza mgonjwa utamwambia nini? Nikajibu hivyo. Hata hiyo sentensi yako sikujua kama ipo, niliisikia siku moja na watu wengine wote."

Nikamwambia, "Kwa nini nikuamini?"

Akauliza, "Dada, nani alikupa blanketi?"

Nilikaa chini, pale pale juu ya vitambaa vya watu. Blanketi nilikuwa nimelisahau, ndugu zangu! Wiki tano nimelala jirani na mtu huyu, amenisuka kichwa changu kwa mikono yake, na dakika moja ya TV ikamfuta moyoni mwangu akabaki nyoka. Tena mimi niliyejua jinsi vile vipande vinavyounganishwa. Kama mimi niliyekuwepo niliamini, mama yangu ambaye hakuwepo angefanyaje? Na ninyi je? Ndiyo maana nikasema sina kinyongo.

Akaniambia huko kwao naye wanamwita mchonganishi, na kanisani kwake hawamwachii tena kuongoza maombi. Tukalia kila mtu upande wake. Mwisho akaniuliza, "Ile sentensi, dada. Ulisema kweli?"

"Nilisema. Waliniambia niseme, nikasema."

"Basi hiyo ndiyo yako. Ikiri. Mengine si yako."

Kesho yake asubuhi nikaenda Maore. Nilimkuta mama amekaa nje kwenye kiti, ungo mapajani, anachambua mchele, magongo yake ameyaegemeza ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Kwenye simu nilikuwa na sauti ya yule mama wa kusini. Alikuwa amenirekodia usiku ule, baada ya dada wa Mwanza kumpa namba yangu, anasema nilimdaka, na uji wangu ulikuwa na mabonge lakini alimaliza kikombe. Nilikuwa nimepanga nianze na hiyo, iwe ushahidi. Nilipomwona mama amepungua vile, mikono imekonda, nikairudisha simu kwenye mkoba.

Nikasema, "Mama, yale maneno niliyasema. Hakuna aliyenishika mdomo."

Akaendelea kuchambua. "Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ulikuwa unayamaanisha?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini uliyasema?"

"Nilitaka wanipende, mama. Wale wa kamera. Na watu wote watakaoniona."

Vidole vyake vikasimama. Akainua macho. Nikamwambia kwamba ninayo sauti ya yule mgonjwa, kama anataka kusikiliza. Akatikisa kichwa. "Shahidi wa nini? Weka simu yako." Kisha akaweka ungo chini, akanyoosha mkono. "Nisaidie kuinuka. Jua limenifikia."

Nikamwinua. Uzito wake wote akaniegemezea mimi, magongo hakuyagusa.

Baada ya wiki mbili alihamia kwangu, na yupo mpaka leo. Amebaki nyumbani anaangalia makande yasiungue. Binti yangu nilimwomba radhi na kumsimulia yote, hata yale makofi niliyoyafurahia. Stendi bado wapo wanaoniita Mama Sikuja. Siku nyingine naitikia.

Namshukuru dada wa Mwanza aliyepiga simu kwa mtu aliyekuwa anamtukana. Namshukuru yule mama wa kusini. Namshukuru kaka yangu, alimtunza mama bila kunisimanga hata siku moja. Namshukuru mama mchungaji: katika wiki ile mbaya kuliko zote alileta gauni lake lishonwe, na badala ya kuliacha akakaa kwenye benchi langu, mlango wazi, hadi nikamaliza, kila apitaye barabarani akimwona. Hakuniuliza kitu kuhusu kipindi. Aliuliza mikono niifanye mifupi au mirefu.

Sijaja kuwaambia mzime TV. Nyumbani tunatazama. Mimi mwenyewe miaka mingi niliwatukana mabinti wa vipindi hivyo nikiwa na sahani mkononi, na sikumjua hata mmoja. Siku hizi nikimwona mtu anafanya ubaya pale, najiuliza: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Nani alimwambia rudia? Na nikipewa mimi maneno ya kusema, nayapima kwanza, maana aliyeniandikia atakwenda zake na mdomo utabaki wangu.

Sasa hivi kuna binti wa tambarare za huku kwetu yupo kwenye kipindi kingine. Nimewasikia mkimzungumzia pale nje kabla hatujaingia, kwamba ana dharau. Labda anayo. Mimi simjui. Ila mama yake anauza nyanya hapa sokoni, meza ya pili ukiingia upande wa juu, na tangu juzi watu wanapita mbele yake bila kumsalimia. Tukitoka hapa naenda kununua nyanya. Anayetaka, tufuatane.