Hotipoti ya Shemeji

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na Randa, seremala aliyelitengeneza, hukalia upande wa matofali kila siku, kama adhabu yake mwenyewe. Limeegemezwa kwenye kibanda cha Futi, fundi cherehani, kiasi kwamba Futi anaweza kushona na kubishana bila kunyanyuka kitini. Wa tatu ni Mhuri, karani mstaafu, aliyegonga mihuri miaka thelathini na mpaka leo akimaliza hoja huipigia ubao ngumi moja, ikapita. Na pembeni, nyuma ya jiko la mkaa, yuko Dada Birika, muuza kahawa na skonsi. Yeye hana nafasi kwenye benchi, ana kigoda. Husikia yote na haulizwi lolote. Siku hiyo alikuwa amekasirika tangu saa tatu asubuhi, akawa anawamiminia kahawa kama mtu anayezima moto.

Kilichomkasirisha ni simulizi ya Futi. Miezi minne iliyopita Futi aligunduliwa kuwa na sukari, na ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu ule ule anaokanyagia pedeli ya cherehani. Daktari alimwambia apunguze wanga: wali, mkate, viazi, tambi, na ndugu zao wote wa unga. Mkewe akalichukua jambo lile kama mtu aliyepewa kazi ya serikali. Jana walikwenda kliniki pamoja, na namba kwenye kadi ikawa kubwa kuliko ile ya siku ya kwanza. Daktari akasema kidonda kisipokauka ndani ya wiki mbili, kidole kitaondolewa. Halafu akamgeukia mke, akamuuliza anampikia nini mgonjwa. Mke akataja kimoja kimoja. Daktari akavua miwani.

— Akamwambia, mama, namba hizi hazisemi hivyo, Futi alisimulia. Mbele yangu. Mimi nikanyamaza tu, ningesema nini?

Dada Birika alikaza mkono kwenye mpini wa birika. Kwa lugha ya watu waliosoma, yule mama aliambiwa ni mwongo, na mumewe pale pembeni akatulia kama begi.

— Kwa hiyo Jumamosi dada yangu mkubwa anakuja kushika jiko, Futi akamalizia. Mama watoto amejaribu, ameshindwa. Akae pembeni aangalie watu wanavyopika.

Wenzake wakamwonea huruma, na huruma ya benchi lile huja na nadharia. Randa alikuwa wa kwanza. Alieleza kwamba wanga kwa mwili ni sawa na gundi kwa kabati. Ondoa gundi, mlango wa kwanza kuchomoka ni ule unaofunguliwa sana, na kwa Futi mlango huo ni mguu wa pedeli. Kidonda hakifungi kwa sababu hakuna cha kukigandisha. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona meza iliyoungwa kwa kabichi.

Mhuri akasema Randa amegusa pembeni, hajaingia ofisini. Yeye alitaka kujua ile mashine ya kupimia sukari ilinunuliwa na nani, na kwa nini namba zake hupanda kila mtu anapofuata ushauri. Alikuwa amefanya upelelezi wake: koliflawa, ambayo zamani ilikuwa mboga ya kupambia sahani za hotelini, sasa imejaa soko zima. Imetoka wapi? Kuna mtu ana shamba. Na mwenye shamba lazima awe na mtu kliniki.

Ngumi ikagonga ubao. Ikapita.

— Mnatafuta mbali, Futi akasema, akikata uzi kwa meno. Chakula kinafuata moyo wa mpishi. Mwanamke akikwaruza koliflawa saa nzima huku amenuna, ule mnuno unaenda wapi? Unaingia chunguni. Mimi nakula hasira. Sukari inapandishwa na hasira, hata daktari mwenyewe alisema nisikasirike.

Wakatikisa vichwa, wakaona hiyo ina uzito. Mhuri akaongezea kwamba damu ina kumbukumbu: ikinyimwa wali baada ya kuuzoea miaka hamsini na tano, inatengeneza sukari yake yenyewe kwa ukaidi, kama wafanyakazi waliogoma. Randa akasema basi kidonda ni bango la mgomo. Wakacheka. Futi naye akacheka, mguu wenye bandeji ukiwa umenyooshwa juu ya kigunia cha mabaki ya vitambaa.

Dada Birika hakucheka. Alikuwa anakumbuka plasta. Wiki iliyopita alikutana na mke wa Futi sokoni, aliyekuwa anachagua koliflawa kwa kuipigapiga kama mtu anayenunua redio, na kila kiungo cha vidole vyake kilikuwa na plasta. Kile kibati cha kukwaruzia karoti ndicho kilichomla. Dada Birika alimuuliza anaifanyaje, na yule mama akasahau foleni, akamweleza palepale kwa furaha ya mtu asiyeulizwaga. Unaikwaruza mbichi, iwe chembechembe. Unaikamua maji kwa kitambaa safi, hapo ndipo wengi wanakosea. Unakaanga kitunguu na kitunguu swaumu kwa kijiko kimoja cha mafuta, unaimwaga, dakika tano, unageuza, unazima. Usifunike. Ukifunika umepika uji. Siku za haraka anapiga mayai mawili na spinachi, anayatandaza kikaangoni yawe membamba, anaviringisha ndani yake kuku aliyechambuliwa, na mkate hausemwi tena nyumbani.

— Akila hivi mchana na usiku, mdogo wangu, kile kidonda kitafunga, alisema. Lazima kifunge. Asipokanyaga pedeli sisi tunakula nini?

Na Dada Birika, aliyekuwa anajua, akasema inshallah, akalipia bamia zake, akaondoka.

Alichokuwa anajua ni sheria ya benchi. Zamani mke wa Randa alilazwa miezi miwili, na Randa akawa anakuja na hotipoti tupu, anaifungua kidogo, anajifanya anatafuna, anaifunga. Futi aliliona hilo siku ya tatu. Alichukua hotipoti yake iliyojaa akaiweka mapajani mwa Randa, akaichukua ile tupu, akasema leo hamu yake ni ya kula chakula cha jirani. Tangu hapo, saa saba kamili, hotipoti zote zinahamia kulia. Ya Futi kwa Randa, ya Randa kwa Mhuri, ya Mhuri kwa Futi. Hakuna anayekula chakula cha kwake. Lilikuwa jambo zuri, Dada Birika alikiri hilo hata kwa hasira zake. Lakini miezi minne iliyopita, siku ya kwanza ya koliflawa, Futi aliishika hotipoti yake sekunde mbili zaidi, na Mhuri, ambaye hupikiwa na mke wa mwanawe, akamuuliza kama wali wa mkwewe umeanza kunuka. Futi akacheka, akaiachia. Iliishia hapo.

Saa saba ikafika. Hotipoti zikahama.

Ya Mhuri ilifunguliwa mapajani mwa Futi: wali mweupe uliorundikwa kama kifusi, viazi vya mchuzi, na kipande cha mkate juu kwa ajili ya kufutia. Ya Futi, iliyopikwa na shemeji yao, ilifunguliwa mapajani mwa Randa, na harufu ya kitunguu swaumu na limao ikafika mpaka kwenye jiko la kahawa. Samaki wa kuoka, bilinganya lililopangwa tabaka tabaka na nyama ya kusaga, na ile koliflawa, kavu, chembe moja moja.

— Lakini shemeji anajua kupika, Randa akasema mdomo umejaa. Hili bilinganya analianikaje lisitoe maji?

— Analipaka chumvi analiacha nusu saa, Futi akajibu, akichota wali. Ananieleza kila usiku kama nimeomba.

Randa akasimama kidogo kujinyoosha, akavuta suruali juu. Ni tabia yake mpya. Mkanda wake ulishahama matundu mawili, na la tatu alilitoboa mwenyewe kwa msumari. Alikuwa anawaambia watu kwamba ni kazi ya kuranda mbao ngumu. Maumivu ya magoti yamekwisha, usingizi wa mchana umekwisha, na hata mkewe ameanza kumtania kwamba amerudi ujanani. Miezi minne alikuwa amepata matibabu ya mtu mwingine, akayatafuna, na sasa alikuwa anafuta vidole kwa ulimi huku akisema chakula hiki kinaua.

— Mimi kwa kweli nakuonea uchungu, alimwambia Futi. Kula vitu kama hivi kila siku.

Dada Birika akaliweka birika chini. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini akakumbuka skonsi. Kila saa kumi Futi hunywa kahawa chungu bila sukari, anakunja uso ili kila mtu aone anavyoteseka, halafu ananyoosha vidole viwili, na yeye, kwa mkono wake huu huu, humpa skonsi mbili kwenye karatasi. Hakuna siku aliyomwambia hapana. Angesimama kumhukumu nani? Akaufunga mdomo, na hasira ikageuka ikamrudia mwenyewe.

Hapo ndipo mke wa Futi akatokea kwenye kona.

Hakuwa amewahi kufika kijiweni. Alikuwa anatembea haraka, mkoba umebanwa kwapani, plasta mpya kwenye kidole cha shahada. Alimsalimia Mhuri kwa heshima ya umri wake, akamwitikia Dada Birika, na akaanza kueleza kabla hajafika vizuri. Muuguzi amemwazima mashine ndogo ya kupimia. Mumewe apimwe kabla ya kula, apimwe tena saa mbili zikipita, siku saba, ili wajue ni chakula gani kati ya vyake kinachopandisha namba. Usiku hakulala, alikuwa anahesabu vyote alivyopika, labda ni bilinganya, labda ni zile karoti.

— Nilitaka nikuwahi kabla hujala, baba watoto, ndiyo maana nime...

Akaona wali.

Kisha akaona Randa. Randa alikuwa ameshika hotipoti ya kijani yenye mfuniko uliopasuka ukingoni, na mwiba wa samaki ulikuwa umelala katikati yake, safi, umenyonywa.

— Karibu shemeji, Randa akasema kwa sauti ndogo.

Mke wa Futi akamsogelea. Alimtazama tumboni, akatazama mkanda, akatazama lile tundu la msumari. Mwanamke aliyeolewa na fundi cherehani anajua kusoma kiuno cha mtu.

— Tangu lini?

Mhuri akakohoa, akaanza kueleza sheria ya benchi, chimbuko lake, faida zake kwa mshikamano wa majirani. Alifika kwenye kulazwa kwa mke wa Randa. Mke wa Futi alinyanyua kiganja kimoja tu, na karani aliyewahi kuzungumza saa nzima kuhusu shamba la koliflawa akanyamaza.

— Tangu siku ya kwanza, Dada Birika akasema.

Futi akageuka kwenye kiti kama aliyechomwa sindano.

— Wewe uza kahawa.

— Kila siku hotipoti yako inaliwa na Randa, dada, akaendelea, na sauti ilimtoka nene kuliko alivyotarajia. Yeye anakula wali na viazi. Saa kumi anakula skonsi mbili, na mimi ndiye ninayemuuzia. Sokoni nilijua, nikakunyamazia.

Mke wa Futi akamgeukia. Dada Birika alisubiri atukanwe, angeshukuru. Lakini yule mama aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuuweka chini auchambue baadaye, akamrudia mumewe.

Futi alianza kujitetea. Mambo ya wanaume, alisema. Heshima ya watu. Huwezi kumrudishia mzee chakula chake. Na usiku si nakula vyako vyote, sibakishi. Maneno yalikuwa yanatoka mengi na kwa kasi, kama cherehani iliyoachiwa bila kitambaa, na mkewe aliyaacha yote yapite mpaka yakaisha yenyewe. Hakupandisha sauti. Dada Birika alifikiri baadaye kwamba yule mama angepiga kelele, ingekuwa nafuu kwa kila mtu.

— Hayo ya hotipoti nimeyaelewa, akasema. Umeogopa kumwaibisha Mhuri. Sawa. Nikuulize moja tu. Jana daktari aliponiambia namba hazisemi hivyo, ulikuwa umekaa kiti cha pembeni yangu. Magoti yetu yaligusana. Ulijua mimi nasema kweli. Wewe peke yako mle chumbani ndiye uliyejua. Mbona hukusema?

Futi alikuwa na tonge la wali shavuni. Hakulimeza, hakulitema. Akamtazama Randa, na Randa akaangalia misumari ya benchi aliyoigonga mwenyewe. Akamtazama Mhuri. Mhuri alikuwa amekunja ngumi juu ya goti lake, na ngumi haikugonga popote. Watu waliokuwa na jibu la damu, la gundi, la mashamba na la madaktari, wote watatu walikuwa wameinamia hotipoti zao kama wanaotafuta kitu kilichodondokea humo.

Dada Birika alinyanyuka, akakipangusa kigoda chake kwa kanga, akakisogeza mbele ya cherehani. Kisha akapita kwenye benchi akakusanya vikombe vyote vitatu vya kahawa walivyoweka pembeni yao, hata kile kilichokuwa bado kimejaa.

Mke wa Futi akaketi, akaweka mkoba magotini.

— Nasubiri, akasema.