Kiti cha Pili Kwenye Meli Kuukuu

Wakubwa shikamooni, na wengine wote poleni kwa msiba. Historia hii ya marehemu imeandikwa na mdogo wake, ambaye ndiye huyu anayeisoma mbele yenu kwa niaba ya familia, naye ameona asijitaje kwa "mimi", kwa kuwa siku ya leo ni ya dada yake, ingawa wanaomfahamu wanajua kwamba kumwachia dada yake siku nzima hakujawahi kuwa kazi nyepesi kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama aliyekuwa mshona mashuka, na kwa miaka mitano na miezi miwili alikuwa mtoto wa pekee, hadi alipozaliwa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbandika jina la Kitinda siku ile ile, kabla wazazi hawajaamua kama kweli wamemaliza kuzaa. Kitinda alikuta kila kitu kizuri kimeshachukuliwa, kitanda cha dirishani, kiti cha karibu na baba, hata haki ya kulamba mwiko, na tangu hapo akawa mtu wa kupima cha mwenzake kwa macho kabla ya kutazama cha kwake. Huo ulikuwa wivu, na leo hakuna sababu ya kuupaka poda.

Marehemu alisoma shule ya msingi mtaani kwao kuanzia Januari 1958, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1968, kisha akajiunga na chuo cha ufundi tarehe 13 Januari 1969, msichana peke yake katika karakana ya wanafunzi thelathini na wanne, akahitimu wa pili mwezi Desemba 1971, na yule aliyekuwa wa kwanza, kwa maneno ya marehemu, alikuwa anaibia kwake.

Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili, akipanda juu ya mapaa na kushuka kwenye mashimo ya majengo marefu, akipaka kamba grisi, akisikiliza mota kama daktari anavyosikiliza kifua, na akiwatoa watu waliokwama humo huku akiwatania ili wasilie, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Mdogo wake wakati huo alikuwa kwenye mapokezi ya hoteli kubwa, amezoea sakafu zinazong'aa na wageni wenye mizigo mizito, na ukweli ni kwamba alijiona amempiku dada yake, mwenye kucha nyeusi za grisi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mpiga chapa mmoja mpole, ambaye shemeji yake Kitinda hakumpenda kwa miaka mitatu ya kwanza, si kwa kosa lolote, bali kwa sababu alikuja akamchukua dada yake, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza fundi wa friji, aliyezaliwa 1978, na wa pili mfamasia, aliyezaliwa 1981, wote mnawaona hapo mbele. Mpiga chapa alitangulia mwaka 2005. Kitinda alilia kweli kweli msibani, lakini moyoni, Mungu amsamehe, aliwaza kwamba sasa dada yake atarudi kuwa wake.

Hakurudi, alikwenda baharini. Mwezi Aprili 2007 marehemu alipanda kwa mara ya kwanza meli ya kitalii, nayo haikuwa moja ya zile za kwenye mabango, bali meli kuukuu iliyoundwa kabla yeye hajaanza kazi, yenye vyumba arobaini na tano tu, sitaha ya mbao, vitasa vya shaba vilivyolika kwa mikono ya watu, na madirisha ya duara yanayofunguka ukapata upepo halisi. Alirudi kutoka huko ana uso mpya, na tangu hapo kila Aprili au Mei alikuwa harudi nyumbani kwa wiki tatu, naye mtu aliyezoea kuwa naye kila Jumapili akabaki anaangalia saa.

Mwaka 2008 alimwalika mdogo wake, akamwambia kwenye baraza hii hii waliyokaa wazee, "Kitinda, twende wote," na mdogo wake akacheka mpaka majirani wakatoka, akasema, "Nipande kopo lile? Halina hata lifti!" Marehemu alimjibu kwamba hapo ndipo penyewe, kwamba ameishi na lifti miaka thelathini na minne, na meli yenye lifti kumi na nane si likizo, ni kazini. Kisha akaeleza, kwa utulivu wake ule, kwamba kwenye meli ndogo nahodha anakula nanyi na mnajua anakoroma au hakoromi, kwamba mpishi anakumbuka usichokula, kwamba wasafiri wakongwe, waliozunguka dunia mara mbili tatu, wanaichagua hiyo kwa sababu inaingia bandari finyu ambazo meli kubwa hazithubutu, inafunga kamba katikati ya mji, unateremka ngazi unajikuta mtaani mbele ya duka la viatu, na usiku unasikia injini, unajua uko majini. Mdogo wake akasema hiyo ni sera ya watu waliokosa nafasi kwenye meli nzuri. Marehemu hakuwa mtu wa kuomba mara mbili, mnamjua, basi hakuomba tena.

Mwaka 2010 picha moja ilitundikwa sebuleni kwake, naye yumo, kwenye meza ya chakula ya meli, anacheka, na pembeni yake kuna kiti kitupu kilichoandaliwa, sahani, kikombe, kitambaa kimekunjwa, na kadi ndogo ya jina iliyoelekeza maandishi upande wa kiti. Kwenye meli ile, kumbe, kila msafiri ana kadi yake, na kiti kikishaandikiwa jina hakiondolewi mpaka aliyekiomba aseme. Kitinda aliiangalia picha ile, akajua kuna jamaa. Kwa miaka mingi aliingia nyumba ile akinusa kama kuna manukato ya mwanamume, akichungulia viatu mlangoni, akihesabu vikombe kwenye kabati, na alipomchokonoa yule mpwa wake fundi wa friji, kijana akamjibu, "Mama mdogo, si umuulize mwenyewe?" Hakumuuliza. Angemuuliza, angeonekana anajali.

Alichofanya ni kukata tiketi ya meli kubwa kuliko zote alizoziona, sitaha kumi na sita, mabwawa saba, watu elfu nne, akachagua kwa makusudi njia ya kupita bandari moja siku moja na dada yake, tarehe 22 Mei 2014, ili aonwe. Meli yake ilikuwa kubwa mno kuingia, ikatia nanga nje, watu wakapewa namba za kusubiri boti ndogo za kuwapeleka pwani, na namba yake ilikuwa mia sita na kumi na moja. Akapanda sitaha ya juu kabisa, kwa lifti, akashika darubini, na kule ndani, mjini kabisa, akaiona meli kuukuu imeegemea gati, na dada yake amekaa nyuma, kwenye meza yenye vikombe viwili. Kitinda alisubiri huyo wa pili atokee. Mhudumu alimimina chai vikombe vyote viwili, dada yake akanywa chake taratibu, akitazama upande wa bahari, ambako meli kubwa ilikuwa, na yule wa pili hakutokea. Namba mia sita na kumi na moja ilipoitwa, Kitinda alikuwa ameshaghadhibika, akaichana, akarudi kwenye chumba chake kisicho na dirisha. Nyumbani alisema safari ilikuwa tamu sana.

Mwezi Novemba 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akasafiri kwa mara ya mwisho Mei 2022, na tarehe 2 Oktoba 2023 alilazwa ghorofa ya nne, ambako aliisikiliza lifti ya hospitali akiwa kitandani, akawaambia wauguzi kamba ya kushoto imelegea, fundi akaitwa, na kweli ilikuwa imelegea. Mdogo wake alikuwa naye siku zote kumi na sita, alikuwa wake peke yake hatimaye, na hata hapo hakuuliza. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 18 Oktoba 2023, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Juzi alasiri alibisha hodi mzee mmoja mwenye mvi, ambaye leo amekaa mstari wa pili, mhudumu mkuu wa meli ile, akamtazama aliyefungua mlango, akasema, "Wewe ndiye Kitinda? Tumekungoja sana. Chai yako nimeimwaga kwa mkono wangu miaka yote hii." Akatoa kadi kwenye bahasha, imefifia, imeandikwa kwa zile herufi nyofu ambazo marehemu aliandikia namba za ghorofa, na juu yake hakuna jamaa yeyote, kuna jina alilolitoa yeye mwenyewe mwaka 1956. Mzee anasema kila safari walimuuliza kama waondoe, naye kila safari alisema waache, huenda mwakani. Kitinda amekionea wivu kiti chake mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya nne, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, mafundi wa lifti mliombeba mwenzenu leo kwa ngazi, kama alivyotaka, na mhudumu mkuu, pamoja na nahodha wake, ambao wameshaombwa waandae viti viwili mwezi Mei, kile cha kadi hii na kile cha pembeni yake.

Pumzika kwa amani, Dada. Cha kwako hakuna atakayekikalia, na atakayejaribu atamkuta Kitinda.